Mama kaacha vidonge vya sukari kwa sababu ya "ditoksi" ya Instagram, naombeni msaada

BintiWaKorogwe

Wakuu habari za muda huu. Naandika saa nane usiku usingizi umekataa kabisa, nikichanganya mambo mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 58, yupo Korogwe, sukari aligundulika nayo 2016. Muda wote huo alikuwa anameza metformin na glibenclamide, kliniki haruki, sukari ya asubuhi inacheza kwenye 7, 8, ikizidi sana 9. Mwezi wa pili binamu yangu akamuunga kwenye grupu la WhatsApp la dada mmoja anajiita kocha wa afya, Instagram ana wafuasi zaidi ya laki tatu. Kila asubuhi yupo laivu jikoni kwake anakata matango na tangawizi anaongea taratibu, kwa kweli hata mimi nilimwangalia siku ya kwanza nikampenda.

Programu yake ya hiyo ditoksi, yaani kutoa sumu mwilini, ni ya siku 21, chupa tatu, elfu 135. Mama aliuza mahindi gunia mbili akatuma pesa. Nimezishika hizo chupa kwa mkono wangu. Ni chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, lebo ya maji imebanduliwa gundi bado inanata, halafu imebandikwa karatasi ya kijani yenye picha ya huyo dada, namba ya simu na maneno "mimea 17 ya asili". Mimea gani haijaandikwa, tarehe ya kutengenezwa hamna, ya kuisha hamna.

Wiki mbili za mwanzo sukari ilishuka hadi 6. Mama akarekodi sauti ya ushuhuda kwenye grupu, huku analia. Ndo yule dada akamwambia sasa mwili umeamka, acha hivyo vidonge maana ni kemikali vinaua figo. Mama akaacha vyote siku hiyo hiyo na akaongeza programu ya pili, sa hivi yuko ya nne.

Jana nimefika nyumbani kwa ajili ya msiba wa jirani nikamkuta mguuni kavaa soksi na joto lote hili. Nikamvua kwa nguvu. Kidole gumba alijikata wakati anakata kucha, ana siku tisa, hakikaukii, na pembeni kumeanza kuwa kweusi. Hakuniambia kwa sababu anasema hakiumi. Nikampima kwa mashine yake ya zamani, 21.3. Ila yeye anaona amepona, maana magoti yaliyokuwa yanamsumbua miaka yote hayaumi tena, anakula vizuri, uso umejaa. Picha ya kidole alishaituma kwenye grupu, akajibiwa "usiogope mamangu hiyo ni sumu inatoka".

Nimegombana naye, nimesema maneno ambayo sikutakiwa kumwambia mzazi. Akanijibu kwa upole tu, "huyo binti kila asubuhi ananiuliza mama umeamkaje, kule kliniki mwaka wa tisa huu naitwa kwa namba ya faili". Nikakosa cha kusema.

Nifanyeje wakuu, na nimwambieje bila kumdhalilisha?

Mfamasia_Mbeya

Dada pole. Nakuomba usisubiri hata kukuche vizuri, leo mama aende hospitali, sio duka la dawa wala zahanati, aende kwenye hospitali yenye daktari. Sukari 21 na kidonda cheusi kisichouma ni vitu viwili ambavyo vikikutana mtu anapoteza mguu ndani ya siku chache. Kutouma ndo dalili mbaya yenyewe, sukari ikikaa juu muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa, mtu anakanyaga msumari hajui. Akianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka haraka au kuchanganyikiwa hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Pili, chupa msimwage. Nendeni nazo, hata iliyobaki tone. Nikueleze kwa nini, maana kuna kitu kwenye maelezo yako kimenishtua. Magoti yaliyouma miaka yote yameacha ghafla, hamu ya kula imepanda, uso umejaa, na sukari imeruka. Siwezi kusema kilichomo bila maabara, ila mtu yeyote wa dawa akisikia hizo dalili nne pamoja anafikiria deksamethasoni au ndugu zake, zile steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na maumivu. Kuwekwa kwa siri kwenye dawa zinazoitwa za mitishamba ni jambo linalojulikana dunia nzima, kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri ndani ya siku mbili tatu na anarudi kununua. Na zinapandisha sukari vibaya sana. Tena ikiwa kweli amezitumia miezi mitatu, kuziacha ghafla bila daktari kujua nako kuna hatari, mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake. Kwa hiyo daktari lazima aambiwe neno kwa neno, asifichwe kwa aibu.

Na sio steroidi tu. Singapore mwaka 2008 walilazwa watu 150 sukari imeshuka ghafla, wengine wamezimia, wanne wakafariki. Kuja kufuatilia wengi walikuwa wamemeza vidonge vya nguvu za kiume vya magendo, ndani yake kuna glibenclamide, hiyo hiyo dawa ya sukari ya mama yako, kwa kiwango kikubwa. Wao hata kisukari hawakuwa nacho.

Sasa hilo la figo. Linarudiwa sana kwa sababu lina kaukweli kadogo ndani yake. Mtu ambaye figo zimeshachoka daktari anampunguzia metformin au anaiondoa, kwa sababu figo ndo zinazoitoa mwilini, ikishindwa kutoka inarundikana. Watu wanaona "fulani figo zilikufa wakamwachisha metformin" wanageuza, wanasema metformin ndo imeua. Kinachoua figo za mgonjwa wa kisukari ni sukari yenyewe pamoja na presha, taratibu, miaka na miaka. Na ukitaka kumwambia mama kitu kitakachomgusa mwambie metformin chimbuko lake ni mmea. Kuna jani linaitwa galega lilikuwa likitumika Ulaya zamani kwa watu wanaokojoa sana, wakachukua kilichomo, wakakitengeneza, wakapima kiasi, daktari mmoja wa Ufaransa akaanza kuwapa wagonjwa 1957. Tofauti na ile chupa ni kwamba hii imepimwa, unajua milligramu ngapi unameza leo na kesho ni zile zile.

Na ile 6 ya wiki mbili za mwanzo naamini ilikuwa ya kweli. Nadhani kwenye programu walimkataza soda, sukari kwenye chai na ugali mkubwa, si ndiyo? Na vidonge alikuwa bado anameza. Hapo lazima ishuke. Sifa zikaenda kwa chupa.

Nyamkuyu

Naunga mkono aende hospitali leo. Ila jamani tusiwaweke wote kapu moja. Mimi nilikuwa na kilo 112, presha 160 kwa 100, niko Mwanza naendesha bodaboda nakula chipsi kila siku usiku saa nne. Kilichonitoa ni klipu za mtandaoni. Klipu za Profesa Janabi, huyu wa moyo aliyekuwa Muhimbili na sasa ni mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika, zilikuwa zinazunguka kila grupu, watu wakimtania kwamba anatukataza kula, mimi nikazichukua nikaanza kupunguza wanga na sukari na kutembea. Nimeshuka kilo 18 kwa mwaka. Daktari akanipunguzia dawa, YEYE alinipunguzia sio mimi.

Nachotaka kusema ni kwamba kuna anayekwambia punguza soda, tembea, kapime presha. Huyo hakuuzii kitu, ukipona hapati hata mia. Halafu kuna anayeanza hivyo hivyo, maneno yale yale mazuri ya mboga na maji, ukishamwamini ndo inatoka chupa. Ugumu upo hapo kwa wazazi wetu, robo tatu ya anachosema ni sahihi kabisa, sasa mama atajuaje ile robo?

mshkaji_wa_Temeke

Sijawahi kuandika hili popote. Nilikuwa admini wa pej ya namna hii miezi saba, nilitoka chuo sina kazi, nalipwa laki mbili na nusu na bando.

Kazi yangu ilikuwa inboksi. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu natuma "umeamkaje mpendwa" kwa watu mia tatu na kitu kwa mkupuo, simu mbili. Bosi alikuwa amelala. Huyo anayemuuliza mama yako kila siku kaamkaje dada yangu, inawezekana kabisa ni kijana kama mimi. Naomba radhi kusema hivi maana najua itamuuma mama.

Shuhuda nyingine zilikuwa za kweli, watu walikuwa wanatuma wenyewe wiki ya kwanza ya pili, tunazihifadhi. Hizo hizo tunazipost hata baada ya mwaka. Wakirudi mwezi wa tatu wanalalamika, nilikuwa na majibu matatu yameandikwa tayari. La kwanza ni sumu inatoka. La pili hukufuata masharti, ulikula nini? La tatu ongeza dozi. Akizidi kusumbua nablok. Na aliyenyamaza tulimhesabu kapona. Nirudie hapo, kwenye daftari la bosi mtu akiacha kuandika anawekewa alama ya vema. Kulikuwa na baba mmoja wa Singida alikuwa ananiandikia kila siku kuhusu mkewe mwenye uvimbe, siku moja akaacha. Nikaweka vema. Mpaka leo namfikiria.

Niliacha baada ya kusoma habari ya yule dada wa Australia, Belle Gibson. Alisema ana kansa ya ubongo na anajitibu kwa chakula, akawa na programu ya simu, akaandika na kitabu, watu wenye kansa ya kweli wakamfuata. 2015 akakiri kwamba hakuwahi kuwa na kansa yoyote. 2017 mahakama ikamtoza faini dola za kule 410,000. Nilisoma nikaona majibu yangu matatu mle mle ndani.

Mwangalie kama grupu la mama wanachama wanaruhusiwa kuandika wenyewe kwa wenyewe. Letu tulikuwa tumefunga, admini tu ndo anaandika, ushuhuda unatumwa inboksi sisi ndo tunaupandisha. Ukikuta hivyo mwonyeshe mama, mwambie kwa nini hawataki muongee?

UmmuSalma_Mombasa

Poleni sana dadangu. Mimi niko Mombasa, mamako mpeleke hospitali, hayo wenzangu washayasema.

Nataka tu kuongeza kuhusu hizi chai za kupunguza tumbo kwa sababu nyumbani kwetu zimetuumiza. Mdogo wangu ana miaka 22, aliona msichana mmoja kwenye TikTok mwenye kiuno chembamba anauza chai ya siku 28. Akainywa mara mbili mfululizo bila kutuambia. Siku ya harusi ya binamu yetu akaanguka kwenye ngazi, moyo unamwenda mbio kisha unakata, miguu haina nguvu. Hospitali wakakuta potasiamu, yale madini ya damu yanayosaidia moyo na misuli, iko chini sana. Mamangu alipoleta ile chai na kuimwaga kwenye sinia, bibi akachukua majani mawili akayanusa, akasema hii sanamaki.

Sanamaki! Sote tumekunywa sanamaki utotoni, ukifunga choo siku tatu bibi anakuchemshia kikombe kimoja, unaenda msalani imekwisha. Bibi hajawahi kumpa mtu siku mbili mfululizo sembuse hamsini. Kilo zilizopungua ni maji na choo, mafuta yako pale pale. Dawa ni ile ile ya bibi, ila bibi alikuwa anakujua, anakuangalia ukiinywa, na kesho yake anauliza. Huyu wa TikTok ana jani la bibi bila macho ya bibi.

Mzee_Karatu

Wanangu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya Loliondo 2011. Nilimpeleka mama yangu mzazi kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila kule Samunge, tulilala ndani ya gari siku nne, magari yamepangana kilometa na kilometa. Kikombe cha dawa yake shilingi 500. Mama alikuwa na presha. Tulivyokuwa tunaondoka nyumbani jirani yetu nesi, mwanamke wa kanisani kwetu, hakumkataza. Alimwambia tu, "Mama nenda ukanywe kikombe, Mungu akubariki, ila vidonge vyako weka kwenye mkoba umeze kama kawaida, Mungu hawezi kukasirika". Mama akameza, akarudi na kikombe chake na vidonge vyake, akaishi miaka mingine kumi na moja.

Kwa hiyo mwanangu usimwambie mama achague, ukimwambia achague atachagua aliyemheshimu. Mwambie tu asiache vidonge.

Mfamasia_Mbeya

Mzee shikamoo. Njia ya nesi naiheshimu na mara nyingi mimi mwenyewe naitumia, mtu akija na mlonge au uwatu anaotwanga mwenyewe nyumbani namwambia endelea kwa kiasi ila pima sukari mara kwa mara na vidonge usiache, maana vinaweza kushusha kidogo juu ya dawa. Ila kwa hii chupa nakataa. Hatujui kilichomo, na kama ni nilichokitaja basi hata akimeza vidonge vyote sukari haitashuka. Hii daktari aiondoe yeye, kwa utaratibu.

Kuna kitu kingine kiliniumiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walitoa kazi yao 2025, wamepitia posti 982 za Instagram na TikTok zinazohamasisha vipimo vya afya, 87% zimetaja faida, zilizotaja madhara hazikufika hata 15%. Asilimia 68 ya waliopost walikuwa na maslahi ya pesa. Na hivyo ni vipimo tu, sio dawa ya kunywa.

Ila hilo la namba ya faili ni la kwetu sisi. Mimi nahudumia watu mpaka mia kwa siku kwenye kadirisha kadogo, nawaambia "moja mara mbili, anayefuata". Sijawahi kumuuliza mtu umeamkaje. Huyo dada ameingilia kwenye nafasi ambayo sisi tumeiacha wazi.

BintiWaKorogwe

Wakuu nimerudi, siku ya tano leo, niko wodini naandikia kwenye benchi la nje.

Asanteni mno. Asubuhi ile ile nilimwambia mama habari ya nesi wa Mzee Karatu, sikusema neno baya kuhusu yule dada. Nikamwambia twende tukaoshe kidole tu, na chupa tunabeba. Akakubali bila ugomvi. Sukari hospitali ilisoma 24. Wamemwekea insulini na dripu, kidole wamekikata nyama iliyokufa, daktari anasema kimewahi, mguu upo. Nilimweleza daktari habari ya magoti na uso kama Mfamasia alivyosema, akaangalia chupa muda mrefu, akaandika vipimo vingine na akasema kuna kitu wanampa wakipunguze kidogo kidogo asiachishwe ghafla. Figo wamepima, zimeanza kuchoka kidogo, bado zinafanya kazi.

Grupu lilikuwa limefungwa kama alivyosema mshkaji wa Temeke. Sikumwambia mama habari ya admini, nilishindwa. Ila juzi yeye mwenyewe alimwandikia yule dada inboksi, amemtumia picha ya mguu umefungwa bendeji na maneno, "mwanangu niko hospitali, niombee". Hakumlaumu hata kidogo. Baada ya dakika kama kumi akawa ametolewa kwenye grupu na picha ya yule dada kwake haionekani tena.

Mama amekaa na simu mkononi jioni yote. Akaniuliza, "labda mtandao?"

Kuna nesi wa zamu ya usiku hapa, leo asubuhi kabla hajatoka alipita kitandani akamwita kwa jina, akamuuliza mguu umelalaje. Mama alimshika mkono muda mrefu. Chupa moja imebaki imejaa, haijafunguliwa, ninayo kwenye begi. Anayejua niipeleke wapi aniambie, nipo Tanga mpaka Ijumaa.

Mfamasia_Mbeya

Ipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi za kanda, na ukiwa hospitali muulize mfamasia wa hapo akupe fomu ya kuripoti madhara ya dawa, mjaze wote wawili na daktari. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala nao waandikie, mganga wa tiba asili anatakiwa awe amesajiliwa kwao, waulize kama huyo yupo. Usiifungue hiyo chupa, usibandue karatasi, hifadhi risiti ya muamala wa simu na ile meseji ya "sumu inatoka". Na nikutumie namba yangu inboksi, mama akitoka anipigie.